Kutu kwa kutu: jinsi ya kuchora mji wa ziwani kwa rangi za udongo

Nakaa Walukuba, Jinja, nchini Uganda kando ya Ziwa Victoria, na karibu kila Jumamosi nateremka hadi mwalo wa Masese nikiwa na ubao, brashi tatu na tyubu tano za rangi. Mkobani hamna bluu. Hamna kijani wala zambarau. Wanaosimama nyuma yangu kutazama huuliza swali lile lile kila wiki, na mama mmoja anayeanika mukene, yaani dagaa wa ziwani, pale aliliuliza vizuri kuliko wote: "Mwalimu, ziwa nimeliona kwenye picha, na sahani yako ya rangi nimeiangalia yote. Bluu umeificha wapi?"

Mwongozo huu ni jibu langu kwake, hatua kwa hatua, kwa yeyote anayetaka kujaribu. Nitatumia Masese kama mfano kwa sababu ndiko ninakokujua, lakini njia ni ile ile ukiwa kwenye mialo mingine yetu kama Ggaba, Kasenyi au Butiaba, au hata kama uko Lamu au Tanga na unataka kuchora kuta za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa.

Kwanza uelewe kwa nini rangi chache za udongo zinatosha. Simama mwaloni utazame. Mapaa ya mabati yameshika kutu. Njia inayoteremka majini ni udongo mwekundu. Kuta ni matofali ya kuchoma, na pale zilipopigwa lipu, vumbi limepanda kutoka chini hadi usawa wa goti. Vitu hivi vyote vimepata rangi kutoka kwenye jambo moja: chuma kilichoungana na oksijeni. Na rangi za udongo zinazouzwa kwenye tyubu ni chuma hicho hicho. Ile ya manjano ni chuma kilichofungiwa pamoja na maji. Ukiichoma, maji yanatoka na rangi inageuka nyekundu. Ndiyo maana tofali linaingia tanurini likiwa na rangi ya kinamasi na kutoka likiwa jekundu. Kwa hiyo ukipaka paa la Masese kwa rangi ya udongo uliochomwa, unapaka kutu kwa kutu. Watu wa kale waliochora miduara mekundu kwenye mwamba wa Nyero, kule Kumi, hawakuwa na duka la rangi, na michoro yao bado inaonekana. Chuma kilichokwisha kushika kutu hakina tena pa kwenda, na jua haliwezi kukipausha.

Hatua ya 1: Nunua tyubu tano, usiongeze ya sita

Majina kwenye tyubu huwa ya Kiingereza. Hapa nayaandika tunavyoyatamka darasani kwangu. Chukua oka ya manjano, siena ya kuchomwa, amba mbichi, nyeusi ya mfupa na nyeupe ya titani. Oka ni manjano ya udongo, kama ugali wa mahindi ya njano uliokaa. Siena ya kuchomwa ni rangi ya tofali jipya au ya lubugo, ile nguo ya gome la mutuba. Amba mbichi ni kahawia iliyopoa, yenye kivuli cha kijani ndani yake, kwa sababu pamoja na chuma ina manganizi. Nyeusi ya mfupa hutengenezwa kwa mifupa iliyochomwa ikawa mkaa, na hiyo ndiyo yenye siri ya ziwa, nitaifikia.

Nyeupe nunua tyubu kubwa. Itaisha mara mbili kwa kasi kuliko zote.

Napendekeza akriliki, yaani rangi ya plastiki inayochanganywa na maji, kwa anayeanza, kwa kuwa inakauka haraka na husafishwa kwa maji. Kasi hiyo ndiyo tabu yake pia: jua la saa tatu litakukaushia rangi kwenye sahani kabla hujaigusa. Dawa yake ni kopo bapa la plastiki lenye kifuniko. Tandika kitambaa kilicholowa ndani, juu yake karatasi ya kuokea mikate, halafu weka rangi juu ya karatasi. Ukifunga kifuniko, rangi itakaa laini hadi kesho yake.

Brashi tatu: bapa pana ya vidole viwili, bapa ya kidole kimoja, na ndogo ya mviringo yenye ncha. Ubao wa sentimita 30 kwa 40 unatosha kabisa. Hadibodi iliyosuguliwa kidogo kwa msasa na kupakwa jeso, ile rangi nyeupe ya kutayarishia ubao, mara mbili hubeba rangi vizuri, na upepo wa ziwa hauipigi kama turubai iliyowambwa.

Kama fedha ni chache, nenda duka la vifaa vya ujenzi uulize unga wa oksaidi, ule wanaochanganya na saruji kupata sakafu nyekundu. Huo nao ni chuma. Nunua kidogo ujaribu kwanza, maana unga mwingine umejaa vitu vya kuongeza uzito na rangi yake ni dhaifu. Au fanya ninavyofanya mimi kila kiangazi, yaani hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Safisha udongo wako mwenyewe

Hatua hii si lazima. Lakini sijaona mwanafunzi aliyeifanya halafu akarudi kuchanganya rangi kwa uvivu.

Tafuta udongo mahali palipokatwa karibuni, kama ukingo wa barabara mpya au shimo la msingi wa nyumba. Usichukue wa juu ya barabara, umeshaingia mafuta ya magari. Mwekundu umejaa kila mahali kwetu. Wa manjano utafute chini ya mteremko, karibu na bonde la maji, maana unyevu ndio unaouweka manjano.

Ukaushe juani, uponde, uondoe mawe na mizizi. Tia vikombe viwili ndani ya ndoo, ongeza maji ya kutosha kuelea, koroga sana. Sasa subiri dakika moja tu. Mchanga unazama, rangi inabaki ikielea. Mimina yale maji yenye rangi kwenye ndoo ya pili polepole, na ukiona mchanga unakaribia mdomo wa ndoo, acha. Rudia mara mbili. Ndoo ya pili iache ilale usiku kucha. Asubuhi utakuta maji safi juu na tope laini chini kama uji. Mwaga maji, tandaza tope kwenye sahani, likauke.

Ukitaka nyekundu kutoka kwenye ule wa manjano, chukua nusu yake, uweke kwenye kikaango kikuukuu juu ya sigiri, nje ya nyumba, ukigeuza kwa kijiko. Baada ya dakika chache utaona inaanza kugeuka kuelekea wekundu. Usiihukumu ikiwa bado ya moto, kwa kuwa ikiwa moto huonekana nyeusi kuliko ilivyo. Iache ipoe ndipo uamue. Kikaango hicho kisirudi jikoni tena.

Kusaga ndiko kazi ilipo. Weka unga kijiko kimoja kimoja kwenye kioo kinene, ongeza matone ya maji, usage kwa kitako bapa cha chupa nzito, ukizungusha kama mtu anayeandika namba nane. Saga ukiwa mbichi daima. Vumbi kavu la udongo lina chembe za mchanga zinazoharibu mapafu, kwa hiyo wakati wa kuponda funga barakoa, na watoto wakae mbali. Unga ukiwa laini kama siagi, changanya na kimiminika cha akriliki kisicho na rangi. Kwa mazoezi tu, gundi nyeupe ya seremala inatosha, lakini picha ya kumuuzia mtu isipakwe kwa gundi hiyo.

Utapata rangi yenye chembechembe zaidi kidogo kuliko ya dukani. Kwa ukuta wa lipu na kwa njia ya vumbi, mimi naipenda kuliko ya dukani.

Hatua ya 3: Tenga jioni moja ya kuchanganya tu

Usiende mwaloni kabla ya hatua hii. Chukua karatasi nzito, chora miraba, na ujaze mmoja mmoja huku ukiandika chini yake umechanganya nini. Karatasi yangu ya kwanza bado iko ukutani, na baada ya miaka mingi bado naitazama.

Anza na nyeusi na nyeupe. Weka fungu la nyeupe, chovya ncha ya brashi kwenye nyeusi, uchanganye. Usifanye kinyume, utamaliza tyubu nzima ya nyeupe ukijaribu kuokoa fungu la nyeusi. Itatoka kijivu. Itazame peke yake: ni kijivu, basi. Sasa paka kando yake mraba wa siena ya kuchomwa uliochanganywa na oka, ile rangi ya chungwa la udongo. Tazama tena kijivu. Imekuwa bluu.

Hapo ndipo bluu ilipofichwa. Jicho halipimi rangi moja moja. Linalinganisha jirani na jirani. Ukilizungushia kijivu kwa rangi za joto, jicho lenyewe linaongeza ubaridi unaokosekana. Na nyeusi ya mfupa tayari ina ubaridi fulani inapokutana na nyeupe, kwa hiyo unalisaidia jicho kidogo tu. Nilimwonyesha yule mama kwa kufunika mapaa kwenye picha yangu kwa viganja viwili. Ziwa likawa kijivu mbele ya macho yake. Nikaondoa viganja, likarudi ziwa. Akanifanya nirudie mara tatu.

Sharti la jambo hili ni moja, nalo ni gumu: kijivu ya ziwa isiguswe na oka wala siena hata chembe. Brashi moja chafu inatosha kuiua bluu hiyo. Tenga kikombe cha maji cha rangi baridi na kikombe kingine cha rangi za joto.

Halafu nyeusi na oka. Hiki kitakushangaza: manjano ya udongo ikiingiwa na nyeusi inatoa kijani cha zeituni. Oka nyingi na nyeusi kidogo ni majani ya mgomba yaliyopigwa na jua. Nyeusi zaidi ni mwembe kivulini. Ongeza nyeupe upate mafunjo ya mbali yenye ukungu. Kijani cha tyubu hakijawahi kunipa majani yanayokaa vizuri kando ya udongo wetu. Hiki kinakaa, kwa kuwa oka iliyo kwenye majani ndiyo iliyo kwenye njia.

Siena na nyeupe inatoa waridi wa lipu ya zamani. Siena na nyeusi ni kahawia nzito, ya ndani ya mlango ulio wazi. Amba na nyeupe ni kijivu cha vumbi, nzuri kwa mbao zilizopauka, kwa tumbo la wingu, kwa ukuta wa saruji usiopakwa. Oka na nyeupe ni malai. Amba na siena sawa kwa sawa ni giza lenye joto ambalo ni bora kuliko nyeusi tupu kwa vivuli vilivyo karibu nawe.

Jambo moja kuhusu akriliki: ikikauka inakolea. Changanya kila rangi iwe nyepesi kidogo kuliko unavyoiona.

Waliofanya kazi kwa tyubu chache ni wengi. Anders Zorn wa Uswidi, aliyefariki mwaka 1920, anajulikana hadi leo kwa sahani ya rangi nne: oka ya manjano, nyekundu ya vermilioni, nyeusi na nyeupe, na ndani ya picha zake kuna maji yanayoonekana baridi kabisa. Nyekundu yake ilikuwa kali kuliko siena yetu. Sisi tunaishi kwenye udongo, siena inatutosha.

Hatua ya 4: Chagua saa kabla ya kuchagua mahali

Jinja iko karibu kabisa na ikweta. Jua huchomoza kabla kidogo ya saa moja asubuhi na kupanda wima, na ikifika saa saba hivi mchana liko karibu na utosi, hasa Machi na Septemba. Saa hiyo vivuli vimejificha chini ya vitu, kuta zote zina mwanga sawa, na mji unaonekana bapa kama karatasi. Usichore mchana. Nenda saa moja na nusu asubuhi, umalize kabla ya saa nne. Au anza saa kumi jioni. Ndani ya saa mbili jua linasogea nyuzi 30, na kivuli kitakuwa kimekimbia. Dawa ni kuchora mipaka ya vivuli vyote ndani ya dakika kumi za kwanza, kisha usiifuate tena hata ikihama. Mwanafunzi anayefuata kivuli hupata picha yenye majua matatu.

Januari na Februari, hewa ikiwa na vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, ndiyo miezi ninayoipenda. Visiwa vya mbali vinapauka, na rangi za udongo zinafanya kazi karibu peke yake.

Kuhusu mahali: mwalo ni mahali pa kazi za watu. Kabla hujafungua mkoba, salimia. "Mzee, habari ya kazi? Naomba nikae hapa nichore, sitazuia njia." Mara yako ya kwanza pitia pia kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, umweleze. Ukitaka kumchora mtu kwa namna atakayotambulika, muulize yeye mwenyewe. Kaa juu ya mteremko badala ya chini majini: unapata mapaa mbele, maji katikati, na upepo wa samaki unakupita pembeni.

Hatua ya 5: Picha ndogo tatu, rangi moja

Kwenye daftari chora mistatili mitatu, kila mmoja mdogo kama kiberiti. Kwa amba na maji tu, chora mji ule ule mara tatu ukitumia ngazi tatu za mwanga: karatasi tupu kwa vilivyo na mwanga, amba nyepesi kwa vya kati, amba nzito kwa vya giza. Hakuna madirisha, hakuna watu. Finya macho hadi vitu vidogo vipotee, uchore mafungu yanayobaki.

Jiulize: giza limeshikana au limetawanyika kama punje za pilipili? Kwenye mji wa mabanda kila kitu kinataka kusimama peke yake. Unganisha. Kivuli cha kibanda kiungane na cha jirani yake, na cha mtumbwi, mpaka upate fungu moja kubwa la giza lenye umbo. Mstari wa ziwa usiukate ubao katikati. Upandishe hadi theluthi ya juu kama umekaa mlimani. Picha ndogo iliyo bora ndiyo utakayoipanua. Kama zote tatu ni mbaya, chora tatu nyingine. Dakika ishirini hapa zinaokoa asubuhi nzima.

Hatua ya 6: Ubao usiwe mweupe

Usiku wa kuamkia, paka ubao wote siena iliyoongezwa maji, nyepesi kama chai ya rangi. Itakauka ikiwa rangi ya ngozi ya chungu. Juu yake kijivu ya kwanza utakayoweka itaonekana bluu papo hapo, na kila mahali ambapo brashi itaruka, joto la chini litachungulia kama udongo unavyochungulia kwenye nyasi.

Hatua ya 7: Kuchora na kupaka, kwa mfuatano huu

Kwa brashi ndogo na amba nyepesi, chora mstari wa upeo kwanza. Uko usawa wa macho yako, si pengine. Kingo za mapaa yaliyo chini ya macho yako zinapanda kuelekea mstari huo kadiri zinavyoenda mbali. Za yaliyo juu ya macho yako zinashuka kuelekea hapo hapo. Nyumba ndefu zilizopangwa sambamba zinakutana kwenye nukta moja. Mabanda ya mwaloni hayakupangwa sambamba, kila moja lina mwelekeo wake, kwa hiyo usitumie rula. Pima kwa kipini cha brashi ukiwa umenyoosha mkono.

Kisha fungu la giza, lote, kwa amba na siena. Usiweke kitu kingine mpaka giza lote liwepo. Rudi hatua tano nyuma. Kama picha inasomeka sasa, ikiwa na giza na ubao wa chungu tu, itasomeka hadi mwisho.

Anga. Changanya malai ya oka na nyeupe kwa ukanda ulio juu ya upeo, na kijivu safi kadiri unavyopanda. Viunganishe vikiwa bado vibichi. Mawingu yana tumbo la amba na nyeupe. Juu yake nyeupe yenye nukta ya oka. Usitumie nyeupe tupu angani, iweke akiba.

Ziwa. Hapa wengi huharibu kwa kutaka libluu kuliko lilivyo. Maji ya ghuba ya Napoleon yanayopiga Masese mara nyingi ni ya kijani, kwa sababu ya mwani, na karibu na ufuko ni kahawia. Kwa mbali weka kijivu safi, hapo jicho lipate bluu yake. Ukikaribia ufuko, ongeza oka kidogo upate zeituni, na mwisho amba. Brashi bapa, mlalo, bila kukwaruza. Vivuli vya mitumbwi majini, yaani taswira zake kama kwenye kioo, vinashuka wima chini ya mtumbwi wenyewe. Kitu cheusi majini kinakuwa chepesi kidogo, kitu cheupe kinakuwa kizito kidogo. Baada ya hapo kata kivuli kwa mistari miwili mitatu ya mlalo ya rangi ya anga. Mistari ishirini ni mingi mno, maji yatakuwa mkeka.

Mapaa. Bati jipya ni kioo cha anga: karibu jeupe, na mara nyingi ndicho kitu chenye mwanga kuliko vyote mjini. Bati la zamani ni siena na oka, lenye madoa ya siena na nyeusi pale misumari ilipo. Chora kila bati lililobandikwa kama kipande chake, maana viraka ndivyo vinavyoonyesha paa lilivyokaa. Mikunjo usiichore yote. Chukua brashi iliyokaushwa kwenye kitambaa, uiburuze mara moja kufuata mteremko wa paa, uache. Kwenye ukingo unaoning'inia weka meno machache tu ya kivuli.

Udongo wa njia ndipo siena yako iliyosafishwa nyumbani inapokaa. Karibu yako iwe nyekundu na yenye chembe; mbali ongeza nyeupe na amba ipoe. Hewa hupausha hata udongo.

Mukene iliyoanikwa inatishia kwa sababu ni samaki maelfu. Ni fungu moja la kijivu nyepesi juu ya nyavu za kahawia, basi. Kwenye ukingo ulio karibu nawe gusa vimulimuli vifupi vya nyeupe, na kwingine kote acha. Korongo marabu wanaozurura pale ni zawadi kwa sahani hii: mgongo kijivu nzito, tumbo jeupe, kichwa siena na nyeupe. Watu wachore kwa miguso mitatu, kichwa, kiwiliwili na kivuli ardhini. Kivuli ndicho kinachowasimamisha.

Sasa, vipi vitu vyenye rangi kali? Turubai la bluu, mtumbwi wa kijani, koti la kuokolea la chungwa, kuta za maduka zilizopakwa rangi za matangazo. Usiviruke, na usikimbilie tyubu ya sita. Zamani niliwahi kukimbilia. Nilinunua bluu kali kwa ajili ya turubai moja, nikaipaka, na picha nzima iliyokuwa imetulia ikaanza kumzunguka turubai huyo kama watu wanaotazama ajali. Siku tatu za kazi zilipotea. Jiulize badala yake: hiki ni baridi au joto kuliko jirani yake? Ni chepesi au kizito? Turubai ni kijivu baridi kuliko zote ulizonazo, nawe lizungushie kutu. Mtumbwi ni zeituni. Koti ni siena na oka bila nyeupe nyingi. Mpangilio ukiwa sahihi, mtu wa Masese atalitambua turubai lake.

Hatua ya 8: Nyumbani

Maji ya kuoshea brashi usiyamwage ziwani wala kwenye mfereji unaoelekea huko. Akriliki ni plastiki. Yabebe ndani ya kopo hadi nyumbani, yaache yatuame, futa tope kwa gazeti, tope likikauka litupe na takataka.

Weka picha kwenye kivuli cha veranda, si juani, na uipindue juu chini. Ikiwa imepinduliwa utaona mara moja fungu lililo zito mno au kona iliyo tupu. Rekebisha mambo mawili, yasizidi. Siku ya pili tazama tena kwa mwanga wa asubuhi ule ule uliochorea.

Nikifika hapo huwa kuna tone moja la oka safi, isiyochanganywa na chochote, nililolitunza kwenye kona ya kopo tangu mwanzo. Hilo ni jerikeni. Daima kuna jerikeni ya manjano mahali fulani mwaloni, kando ya mlango au mkononi mwa mtoto anayepanda mteremko. Liweke kwa mguso mmoja, pale kijivu inapokutana na kivuli, usilirudie kwa brashi.

Kisha funga kopo la rangi, uoshe brashi kwa sabuni ya mche, uzilaze kulala ili maji yasiingie kwenye mpini.